Kisu Kiishie Wapi Kwenye Gome

Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote haufi siku ile. Majani hubaki mabichi kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi, na aliyeuchuna anaweza kupita chini yake akajiambia kwamba kumbe haukudhurika. Kisha unakuja msimu mmoja matawi ya juu yanapukutisha kabla ya wakati wake, na mwaka unaofuata mti umesimama mkavu. Kuchelewa huku kumewaponza wengi wanaoishi kwa kuuza magome. Kumewaponza hata maofisa, ambao hukagua msitu mwezi mmoja baada ya uvunaji na kuandika ripoti nzuri.

Sababu ni kwamba ndani ya shina kuna safari mbili zinazopita njia tofauti. Maji na madini ya udongo hupanda kupitia kwenye mbao. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia kwenye gome la ndani, tishu ambayo vitabu vya shule huiita floemu. Anayechuna gome anakata njia ya kushuka na kuiacha ile ya kupanda. Majani yanaendelea kunywa. Mizizi ndiyo inayolala njaa. Inakula akiba yake ya wanga hadi imalizike, inakufa, na hapo ndipo juu nako maji yanapokatika. Katika karne ya 17 Mtaliano Marcello Malpighi alichuna magome kwa mtindo wa pete akaona kwamba shina huvimba juu ya pete, si chini yake. Uvimbe ule ni chakula kilichokwama. Wanaozalisha miche ya malimau kwa matawi wanaufahamu vizuri: humenya pete ndogo kwenye tawi, hufunga udongo wenye unyevu mahali pale kwa nailoni, na mizizi huchomoza juu ya jeraha, penye chakula kingi. Tawi hukatwa likapandwa.

Tunasema gome kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyobebana, kimoja kinaishi na kingine kimekufa, na kila kimoja kimezaliwa na tabaka lake jembamba mno ambalo macho hayalioni.

Nenda kwenye mpera wowote wa uani. Kwaruza shina kwa ukucha; ngozi nyembamba ya kahawia itabanduka na chini yake utakuta kijani. Ni kijani kile kile cha majani, na kazi yake ni ile ile. Ukizamisha ncha ya kisu kidogo zaidi unafika kwenye tishu nyevu yenye nyuzinyuzi: hilo ndilo gome la ndani, barabara ya sukari. Ukizidisha kidogo tu, kisu kinateleza. Utelezi huo ndio dalili pekee ya kambiamu, tabaka la seli chache ambalo kila siku ya msimu mzuri hugawanyika, likitupa mbao upande wa ndani na floemu upande wa nje. Unene wote wa shina umetoka humo. Kwa kuwa kambiamu hunenepesha mti bila kuurefusha, msumari uliopigwa usawa wa kifua leo utakuwa usawa wa kifua baada ya miaka 20, ila huenda usiuone tena kwa kuwa mti umeumeza. Waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye mwarobaini nao humezwa, na ukikaza vya kutosha hufanya kazi ya kisu cha mchuna magome, polepole, bila mtu kushtuka.

Gome la nje lina kambiamu yake nyingine, ndogo zaidi, ambayo hutoa seli za kizibo. Seli hizi hufa mara zinapokomaa. Zinachoacha ni kuta zilizopakwa suberini, dutu ya jamii ya nta isiyopitisha maji, na ndani yake hewa tupu. Ni vyumba hivi vitupu vya kizibo ambavyo Mwingereza Robert Hooke alivichora mwaka 1665 na kuvipa jina la seli ambalo biolojia nzima inalitumia leo. Mtu aliyegundua seli aliziona zikiwa zimekwishakufa. Ili shina lisikose pumzi ndani ya koti hilo, mti huacha vitundu vya hewa, vile vinundu na vijistari unavyovihisi ukipitisha kidole kwenye tawi changa.

Shina likitanuka, koti lililokufa haliwezi kutanuka nalo. Linapasuka. Mti hutengeneza tabaka jipya la kizibo ndani zaidi, na chochote kinachobaki nje ya tabaka hilo, pamoja na floemu ya zamani, hukatiwa maji na kufa. Gome lenye mifereji la mwembe mzee ni rundo la floemu za miaka iliyopita ambazo mti umezihamishia kwenye ulinzi. Mpera na mkaratusi imechagua njia nyingine: hutupa tabaka la nje mara kwa mara na kubaki na ngozi laini.

Ngozi laini ina faida yake. Migunga ya gome la njano inayoota kando ya maziwa ya Naivasha, Nakuru na Manyara, na ile ya msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro, hutengeneza chakula kwenye shina lenyewe, kwa kutumia tena hewa ya kaboni inayotolewa na tishu za ndani. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliusingizia mti huo kwamba ndio unaoleta homa, wakati mbu walikuwa kwenye maji yale yale unayoyapenda. Mbuyu nao, ambao hukaa miezi mingi bila jani, una tabaka la kijani chini ya ngozi yake ya kijivu. Lakini hakuna cha bure. Mti unaotaka mwanga ulifikie gome lililo hai hauwezi kulifunika kwa koti nene, na katika nchi zetu asiye na koti nene ana kesi ya kujibu mbele ya moto.

Kwenye miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Zambia, moto hupita karibu kila mwaka. Nyuzi joto zipatazo 60 za Selsiasi zinatosha kuua kambiamu, na mwali wa nyasi una joto la mara nyingi ya hapo. Kinachouokoa mti ni muda. Mpishi hupitisha kidole juu ya mwali wa mshumaa bila kuungua, mradi asikiache pale. Shina nalo hupona kwa sababu moto wa nyasi una haraka na kizibo chenye hewa hupitisha joto kwa uvivu. Hesabu yake ina jambo ambalo wengi hawalitarajii: muda wa kuhimili hukua kwa mraba wa unene. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu wa moto, gome la sentimita 1 hulinda kambiamu kwa takribani dakika 3, na la nusu sentimita chini ya dakika moja. Unene mara mbili, ulinzi mara nne.

Kwa hiyo tofauti ya milimita chache huamua mti upi utakuwa mkubwa na upi utabaki kichaka. Mche wa mtundu, mti wa miombo, huungua hadi chini, huchipua, huungua tena, na unaweza kurudia hivyo miaka na miaka huku mizizi ikinenepa, hadi ipatikane miaka miwili mitatu mfululizo ya moto dhaifu na gome lifikie unene wa kuvuka. Ndiyo maana wahifadhi huchoma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili pasiwe na moto wa Septemba na Oktoba. Na ndiyo maana gogo kavu lililoegemea shina ni hatari kuliko ekari nzima ya nyasi: gogo huwaka kwa saa nyingi, na hakuna gome la kuhimili hayo.

Adui wengine hawazuiwi kwa unene. Tembo, nungu na mbuzi wa jirani wanatafuta ile ile sukari inayoshuka, na mabuu ya wadudu wanatafuta zaidi ya hapo. Dhidi yao mti hutumia kemia. Tanini hushikamana na protini na kuzifanya zisimeng'enyeke. Ndani ya tumbo la mdudu hilo ni balaa, na ndani ya pipa la mtengeneza ngozi hilo ndilo analolitaka. Magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu yalisafirishwa kwa ajili hiyo hiyo tangu zama za ukoloni, na miwati ya Njombe ilipandwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya gome lake, mbao zikiwa nyongeza. Kwinini, waliyoitenga Pelletier na Caventou mjini Paris mwaka 1820, ilitoka kwenye gome la mkwinini. Harufu ya mdalasini ya Unguja na Pemba iko katika gome la ndani. La nje hukwanguliwa likatupwa. Kila ukiona gome lenye bei, jua kwamba unanunua silaha ya mti.

Hapo ndipo swali la kisu linapoanza, na miwati na midalasini haitusaidii kulijibu, kwa sababu humo shina hukatwa lote. Mwati hupandwa upya, mdalasini huchipua kutoka kwenye kisiki. Swali gumu ni la mti unaobaki umesimama.

Jibu la kwanza liko Ureno, nchi inayotoa karibu nusu ya kizibo chote duniani. Mwaloni wao una gome la nje nene kupita kawaida, na mvunaji hulibandua hilo tu, akiacha gome la ndani na kambiamu bila mkwaruzo. Shina hubaki jekundu na huanza kutengeneza kizibo kingine. Mavuno ya kwanza huja mti ukiwa na miaka ipatayo 25, na baada ya hapo sheria inataka ipite miaka 9 kati ya mavuno na mavuno. Tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuvuna huandikwa kwa rangi kwenye shina, ili anayekuja asijidai hajui.

Jibu la pili ni la ajabu zaidi, na liko jirani. Nchini Uganda, mafundi wa ukoo wa Ngonge wa Buganda hutengeneza nguo ya lubugo kutokana na gome la mutuba, kazi ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Fundi huchuna pete nzima. Hachukui robo, hachukui nusu. Huzungusha kisu juu na chini, hupasua wima, na kuliondoa gome lote kama lilivyo, pamoja na floemu. Kwa yote niliyoyaeleza hapo juu, mti huu ulipaswa kufa. Mwaka unaofuata fundi huyo huyo anarudi kwenye mti ule ule, na gome la mavuno ya baadaye huwa laini kuliko la kwanza.

Tazama anavyofanya, siri yote iko mikononi. Kwanza anasubiri mvua. Wakati wa mvua kambiamu inafanya kazi kwa nguvu, seli zake mpya zina kuta nyembamba, na gome linaachana na mti mahali hapo hapo bila kulazimishwa. Kiangazi limeng'ang'ania na lingetoka kwa kuraruka. Pili, akishakwangua magamba ya nje na kupasua, kisu anakiweka chini. Kinachosukuma gome kuliachanisha na shina ni kabari iliyochongwa kutoka kwenye mgomba, laini kuliko mbao, isiyoweza kukwangua kitu hata fundi akikosea. Kwa hiyo juu ya mbao hubaki utando wa seli changa, nyingine za kambiamu, nyingine zilizokuwa njiani kugeuka mbao. Tatu, papo hapo shina lile jeupe linalometameta hufungwa majani ya mgomba. Jua likilipiga, utando ule hukauka mara moja na mchezo umekwisha. Ukibaki na unyevu, seli hugawanyika, hufunika jeraha, na zile zilizokuwa zinaelekea kuwa mbao hurudi nyuma na kuunda kambiamu mpya, ambayo nayo hutoa floemu mpya. Mizizi huishi kwa akiba katika kipindi hicho cha katikati. Majani hayo ya mgomba, ambayo mgeni angeyadhani ni mila, ndiyo yanayotenganisha mti ulio hai na mti uliokufa.

Basi kinachoua mti si pete yenyewe. Kinachoua ni kupoteza utando ule, kwa chuma au kwa jua.

Nikisema hivyo, msomaji wa Meru au Kilimanjaro ataniuliza mbona muiri unakufa. Muiri ni mti wa milimani, kuanzia Kameruni hadi Kenya, Tanzania na Madagaska. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya kuvimba kwa tezi dume iliyotokana na gome lake, na tangu hapo viwanda vya Ulaya vimenunua magome kwa tani. Kufikia 1995 mti huo ulikuwa umeingizwa katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji kutoka Kameruni. Kibiolojia, muiri haujambo: kambiamu isipoguswa, gome lake huota tena. Kanuni iliyowekwa Kameruni ilikuwa ya busara: robo mbili zinazotazamana, nusu ya mzunguko ibaki, kisha mti upumzike miaka kadhaa.

Kanuni ilijua mti, haikumjua mvunaji. Mtu analipwa kwa kilo. Yuko ndani ya msitu usio wake, akiwa na panga, kiangazi au masika kwake ni mamoja, na anajua kwamba robo atakazoziacha leo zitachukuliwa na mwenzake kesho. Fundi wa lubugo anavuna mti uliopandwa kwenye shamba la migomba la mtu, na mwakani atauhitaji. Mvunaji wa Ureno anaandika tarakimu kwa sababu kuna atakayerudi kuisoma. Mimi ni mtu wa misitu na ningependa kusema kwamba tatizo la muiri litatatuliwa na mafunzo ya namna ya kuchuna. Siamini. Miti ya muiri iliyo salama zaidi ni ile iliyo kwenye mipaka ya mashamba, ambayo mwenyewe anaiona kila asubuhi akifungua mlango.

Sasa mizinga ya magome. Katika miombo ya Tabora na Katavi, na vivyo hivyo kaskazini-magharibi mwa Zambia, warina asali wengi bado hutengeneza mzinga kwa kuondoa bomba zima la gome la mtundu au mti wa jamii yake. Hukata pete juu na chini, hupasua wima, hulichomoa, kisha hulishona upya kwa vijiti na kulipeleka juu ya mti mwingine. Ni pete kama ya mutuba, ila shina linaachwa uchi juani na mti unakufa, ingawa chini ya pete machipukizi huweza kuota. Maofisa tumeihubiri vibaya mizinga hiyo kwa miaka mingi. Niliwahi kujibiwa hivi na mzee mmoja wa Sikonge: "Bwana Misitu, mimi naua mti mmoja ili nilinde kumi, maana nyuki wangu wanakula maua yake. Yule wa tumbaku anafyeka yote halafu anakuja kukata mingine ya kukaushia. Umeshamhubiria?"

Hesabu yake ni sahihi. Mzinga wa mbao ni bora kwa mtu mwenye mbao na msumeno, lakini mbao zenyewe zimetoka kwenye mti, na ninayemwambia aununue huwa hana hela hiyo. Kuna jambo rahisi zaidi ambalo vijiji vyetu havijalipanga. Kila mwaka kamati za ardhi hutenga maeneo ya kufyekwa kwa mashamba mapya, na humo mna mitundu ambayo itaangushwa na kuchomwa ikiwa na magome yake. Mrina asali angeweza kuingia humo kwanza. Kikwazo ni kalenda: ufyekaji ni wa kiangazi, gome limekwishashika; linaachia mti unapoanza kuchanua majani mapya kuelekea mvua, na kuendelea hadi masika. Eneo likitajwa mwaka mmoja kabla, si mwezi mmoja kabla, mrina anapata masika nzima ya kuchagua mashina yaliyonyooka, na mfyekaji anakuta miti iliyokwishakauka ambayo shoka lake lingekutana nayo kwa vyovyote. Inahitaji tarehe moja kwenye muhtasari wa kikao cha kijiji.